Kuchapua na Kupoza: Kompyuta ya Mezani katika Joto la Kibiti

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida halipewi nafasi katika jarida la isimu, nalo ni namna ya kuiongezea mwendo kompyuta ya mezani iliyoko nyumbani, na namna ya kuipoza ili mwendo huo usiiunguze. Nimeona vema kuliandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kikazi. Ninazo saa zipatazo 60 za mazungumzo ya wazee wa Kindengereko, zilizorekodiwa kwa vipindi mbalimbali katika vijiji vya Kibiti na vya delta ya Rufiji, na kazi ya kuoanisha sauti hizo na maandishi yake, irabu kwa irabu na konsonanti kwa konsonanti, inafanywa na kompyuta moja kuukuu iliyoko katika chumba changu cha kazi mjini Kibiti. Sababu ya pili ni ya kiistilahi, nayo nitaieleza punde.

Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini kazi hiyo isifanyiwe mahali penye mitambo mikubwa zaidi. Jibu lake ni kwamba baadhi ya wazee walizungumza juu ya mirathi, mizimu na ugomvi wa koo, wakakubali kurekodiwa kwa sharti kwamba sauti zao zisipelekwe mahali ambapo mtu wasiyemjua anaweza kuzinakili. Kompyuta za kukodi zilizoko ughaibuni, hata ziwe na nguvu kiasi gani, zinavunja sharti hilo siku ya kwanza. Wengi wa wazee hao wamekwisha kufariki, na hakuna aliyebaki wa kuombwa ruhusa upya. Kwa hiyo kazi lazima ifanyike nyumbani, kwa mashine iliyopo, katika joto lililopo.

Nianze na neno. Waingereza wanaliita jambo hili kwa jina linaloitaja saa, kana kwamba saa imepitishwa kiwango chake. Vijana wa Kariakoo nao wamelichukua jina hilo kama lilivyo na kulivika kiambishi, wakasema *kuovakloki*. Sina ugomvi na utohozi. Kiswahili kimeishi kwa utohozi tangu zamani. Hata hivyo, katika jambo hili nadhani neno tunalo, nalo ni *kuchapua*. Saa iliyomo ndani ya kompyuta si saa ya kusoma majira. Ni saa ya kupiga. Hutoa mapigo mamilioni kwa sekunde, na kila pigo ndilo linaloamuru sakiti zote zichukue hatua moja. Kazi hiyo haifanywi na saa ya ukutani, bali hufanywa na ngoma. Nasi tukitaka ngoma iende mbio twaichapua, kama ambavyo mwenye safari huchapua miguu, na ngoma ndogo inayofahamika kwa jina la chapuo imetokana na mzizi huohuo. *Kuongeza kasi* kunaweza kusemwa kwa gari, kwa mafuriko na hata kwa ukuaji wa uchumi, hakutaji pigo. *Kuchapua* kunalitaja.

Mwenzangu mmoja idarani amenipinga kwa hoja ya kimofolojia kwamba umbo hili litasikika kama kauli ya kutendua, yaani kinyume cha *kuchapa*, kama vile *kufungua* kulivyo kinyume cha *kufunga*. Hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa maana hatumsikii mtu akidhani kwamba *kuchukua* kunatendua kitu chochote. Jambo la manufaa zaidi ni kwamba kitenzi hiki kinanyambulika bila taabu, kikatupatia *kuchapuka*, *kuchapulika* na *uchapuaji*. Nitayatumia maneno hayo kuanzia hapa.

Mfano wa ngoma unafaa pia kueleza hatari iliyopo. Mchezaji anayefuata ngoma iliyochapuliwa kupita uwezo wake hufika mahali ambapo mguu haujatua na pigo jingine limekwisha kulia. Ndivyo ilivyo kwa prosesa. Ishara ya umeme inahitaji muda, hata kama ni mdogo mno, ili itulie katika hali ya sifuri au ya moja kabla pigo linalofuata halijaisoma. Pigo likiwahi, husomwa kitu ambacho bado hakijawa. Dawa inayotumiwa na wachapuaji ni kuongeza volteji, kwa sababu volteji kubwa huzifanya transista zibadilike upesi zaidi. Dawa hiyo ndiyo inayoleta joto.

Kanuni yake ni fupi. Nishati inayotumiwa na sakiti hizi katika kazi, ambayo yote huishia kuwa joto, huongezeka sawia na idadi ya mapigo, na huongezeka kwa kipeo cha pili cha volteji. Prosesa yangu ni Core i5-2500K ya kampuni ya Intel, iliyotolewa Januari 2011, yenye viini vinne na kiwango cha joto cha wati 95. Mapigo yake ya msingi ni milioni 100 kwa sekunde, nayo huzidishwa kwa namba iitwayo kizidisho. Viini vyote vinne vikifanya kazi kwa pamoja, kizidisho ni 34, yaani gigahetsi 3.4. Tuseme tunataka kufika 42 na kwamba volteji itapanda kutoka 1.20 hadi 1.30. Mwendo umeongezeka kwa chini kidogo ya robo. Joto limeongezeka kwa asilimia 45, likawa karibu wati 138. Nimewahi kuiandika hesabu hii ubaoni mbele ya wanafunzi wa uzamili wa fonetiki, nao wakashangaa kuona robo ya mwendo ikinunuliwa kwa karibu nusu ya joto.

Sasa tuiingize Kibiti katika hesabu. Kipoza-joto cha kawaida, yaani lile bongelo la mapezi ya alumini na feni yake, huweza kuwa na ukinzani wa takriban nyuzi 0.4 kwa kila wati. Wati 138 zitakipandisha nyuzi 55 juu ya hewa inayokizunguka. Maneno muhimu hapo ni *juu ya hewa inayokizunguka*. Katika chumba cha nyuzi 20 tutafika 75. Katika chumba changu, saa nane mchana mwezi wa Februari, kipimajoto cha ukutani husoma 34, na kwa hiyo tutafika 89, nako ndani kabisa ya viini kuna joto zaidi ya hapo. Prosesa za aina hii hujilinda zikikaribia nyuzi 100 kwa kujipunguzia mwendo zenyewe. Hivyo maelekezo yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi, hata yakiwa sahihi kabisa kwao, huku yanatufikia yakiwa yamepungukiwa nyuzi 14. Nimewahi kuwaza kwa mzaha kwamba hata Kindengereko kimekwisha kuchambuliwa mahali penye ubaridi unaozifaa kompyuta, kwa maana tasnifu ya Eva-Marie Ström juu ya lugha hiyo ilitolewa na Chuo Kikuu cha Gothenburg mwaka 2013. Data yake, hata hivyo, ilitoka huku kwetu kwenye fukuto.

Fukuto ni neno linalostahili kusimamishwa kidogo. Kiswahili hutofautisha *joto* na *fukuto*, na anayeanza kazi ya kupoza mashine atafaidika akizingatia tofauti hiyo. Joto ni hali ya hewa kuwa moto. Fukuto ni joto lililochanganyika na unyevu, kiasi kwamba jasho halikauki na mwili haupoi. Mtungi wa maji nao husumbuliwa na fukuto, kwa sababu hupoza maji kwa kuyaacha yajipenyeze katika udongo na kukauka kwa nje. Hewa ikijaa unyevu, hayakauki, na maji ya mtungi hubaki vuguvugu. Lakini mapezi ya alumini hayatoki jasho. Hayapozwi kwa kukauka kwa kitu chochote, bali kwa kupitiwa na hewa tu. Kwa hiyo siku ya masika yenye fukuto la nyuzi 28, ambayo binadamu huilalamikia, ni siku njema kwa kompyuta, ilhali mchana mkavu wa nyuzi 34 ambao sisi huuvumilia kivulini ni adui yake. Nimewaona watu wakiizima mashine siku ya fukuto kwa kuihurumia. Huruma hiyo imekosea anwani.

Vipoza-joto vilivyo bora zaidi vina kitu kinachofanana na mtungi, ila kimefungiwa ndani. Ni mirija ya shaba iliyozibwa pande zote mbili, ikaondolewa hewa na kutiwa maji kidogo. Kwa kuwa hewa imeondolewa, maji hayo hugeuka mvuke kwa joto dogo upande wa prosesa, mvuke hukimbilia upande wa mapezi, hupoa, huwa maji tena, na kurejea kwa kunyonywa na utambi uliomo kwenye kuta za mrija. Mtungi huo haujui kama nje kuna fukuto. Kipoza-joto changu cha sasa ni cha mirija minne, nacho ndicho kifaa pekee kipya katika kasha zima.

Kuna kishawishi kingine ambacho sina budi kukitaja, kwa kuwa katika pwani yetu kinakuja chenyewe. Mpwa wangu, ambaye hununua kamba huko Nyamisati na kuwasafirisha kwa masanduku ya barafu, aliniona nikihangaika na feni akaniuliza, "Mjomba, si tuzungushe maji ya barafu tu? Barafu ninayo tele." Nikamjibu kwamba maji ya barafu yatatokwa jasho juu ya umeme. Akacheka, lakini maana yake aliijua, kwani kila siku huona chupa ya soda ikilowa mara itolewapo kwenye friji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Mrija wa maji ya nyuzi 5 ndani ya kasha ungedondosha matone juu ya madabodi muda wote. Wanaoshindana kwa barafu na naitrojeni ya maji hufunika kila sehemu kwa vizuizi vya unyevu, na hufanya hivyo kwa saa chache ili wapate namba ya kujivunia. Mwenye kazi ya siku tano mfululizo hana njia hiyo. Kwake yeye, katika mazingira ya delta, hewa inayopita ndiyo kipozaji salama, na kazi yake yote ni kuifanya hewa hiyo ipite vizuri na isiwe moto kuliko inavyolazimika kuwa.

Hapo ndipo ninapomshauri anayeanza aanzie, kabla hajagusa kizidisho chochote. Hasa kwa kuwa kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu zilikuwa za ofisini, na prosesa zake zimefungwa, hazichapuliki. Katika familia ya prosesa yangu, herufi K mwishoni mwa jina ndiyo inayoonyesha kwamba kizidisho kiko wazi, tena ni lazima madabodi nayo iruhusu. Zamani watu walipita njia nyingine. Mwaka 1998 prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ilisifika kwa sababu, ingawa kizidisho chake cha 4.5 kilikuwa kimefungwa, mtu aliweza kuyainua mapigo ya msingi kutoka milioni 66 hadi milioni 100, ikatoka megahetsi 300 ikafika 450. Siku hizi mlango huo umebanwa sana. Lakini kusafisha na kupoza hakujafungwa na mtu yeyote, na faida yake si ndogo.

Nilipoifungua yangu, baada ya kuchomoa waya wa umeme na kusubiri, nilikuta mapezi yamezibwa na vumbi jekundu lililoshikana na pumba laini za mpunga, maana mashine ya kukoboa iko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza-joto ilikuwa imekauka kama chokaa. Niliifuta kwa spiriti, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko, kwani ikizidi sana huvuja pembeni bila kusaidia lolote. Kabla ya hapo, nikiipa kazi ya kuoanisha sauti, joto lilipanda hadi 94 na mwendo ukawa unashuka wenyewe. Baada ya hapo, kwa kipoza-joto kilekile cha zamani, joto lilisimama kwenye 73 na mwendo haukushuka. Ni uchapuaji wa kwanza ambao mtu anaweza kuupata, nao unagharimu spiriti na brashi.

Yaliyofuata yalihusu nyumba zaidi kuliko kompyuta. Paa la bati lisilo na dari humwaga joto chumbani mchana kutwa. Wenye makuti hawalijui tatizo hili kwa kiasi hicho. Niliweka dari. Nililitoa kasha sakafuni na kuliinua juu ya vipande vinne vya mbao, kwa kuwa pawa saplai yake huvuta hewa kwa chini. Aliyeona madungu ya mashamba ya Rufiji hahitaji kuelezwa kwa nini hewa ya chini ya sakafu iliyoinuliwa ni nzuri. Feni za mbele zinaingiza, feni ya nyuma inatoa, na mdomo wa mbele nimeufunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu kilichokunjwa mara mbili. Hakizuii vumbi lote, lakini huzuia nyuzinyuzi, wadudu, na mijusi ambao hupenda sana kutagia mahali penye uvuguvugu. Chandarua hicho hufuliwa kila Jumamosi. Kwa wale waliohamia karibu zaidi na maji ya chumvi, Nyamisati au Mbwera, ningeongeza kwamba mashine inayoachwa imezimwa kwa miezi huliwa na kutu kuliko ile inayowashwa mara kwa mara, kwa sababu joto dogo la ndani huufukuza unyevu.

Umeme nao una sehemu yake. Mto uleule unaopita kwetu ukielekea baharini sasa unaendesha, huko juu kwenye Bwawa la Julius Nyerere, mitambo iliyopangwa kuwa tisa ya megawati 235 kila mmoja, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Hata hivyo wingi wa umeme mtoni si utulivu wa volteji ukutani. Prosesa iliyochapuliwa imeondolewa sehemu ya akiba ambayo watengenezaji waliiacha kwa ajili ya mitikisiko, na hivyo stabilaiza na betri ya akiba si anasa kwake.

Baada ya hayo yote ndipo nilipogusa kizidisho, hatua moja moja, kutoka 34 kwenda juu, volteji ikiachwa palepale mpaka itakapodhihirika kwamba haitoshi. Kila hatua hupimwa kwa programu inayofanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana. Inayotumiwa sana ni Prime95, ambayo asili yake ni mradi ulioanza mwaka 1996 wa kutafuta namba tasa kubwa. Jibu likikosewa mara moja tu, hatua hiyo haifai. Sharti langu ni kwamba jaribio lifanyike mchana, katika miezi ya joto, dirisha likiwa kama linavyokuwa siku zote. Kizidisho cha 42 kilipita saa nne za usiku bila kosa, kikaanguka saa nane mchana kabla ya dakika 20 kwisha. Mashine inayofaulu usiku wa Julai imefaulu usiku wa Julai, basi.

Kuanguka waziwazi, hata hivyo, hakunitishi. Kompyuta ikizima, mtu anajua. Linalonitisha ni kosa la kimya, pale mguu mmoja kati ya mabilioni unapokosa kutua na ngoma ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo pamoja na Prime95 nimekuwa na jaribio langu mwenyewe: faili lilelile la sauti linaoanishwa mara mbili, na matokeo yanalinganishwa herufi kwa herufi. Katika kizidisho cha 41, ambacho kilikuwa kimepita jaribio la hesabu, matokeo mawili ya faili moja hayakulingana. Irabu moja ilipewa urefu wa milisekunde 80 mara ya kwanza na 140 mara ya pili.

Kwa msikilizaji wa kawaida tofauti hiyo si kitu. Kwa mwanaisimu wa lugha za ukanda huu ni jambo zito. Katika Kimatuumbi, jirani wa kusini ambaye David Odden alichambua fonolojia na mofolojia yake katika kitabu cha mwaka 1996, urefu wa irabu hutofautisha maana, na namna jambo hilo linavyojitokeza kwa wazungumzaji wa Kindengereko wa umri na vijiji mbalimbali ndilo swali lenyewe ninalolitafutia jibu. Milisekunde 60 zilizobuniwa na prosesa yenye joto zingeingia katika jedwali, jedwali likaingia katika makala, na msomaji asingekuwa na njia ya kuzitambua. Mzungumzaji wa faili hilo alikuwa bibi wa umri mkubwa kutoka upande wa Salale. Hayupo wa kuulizwa alitamkaje.

Nimeiweka 40. Imepita saa 24 za Prime95 katika Februari, na mafaili 30 yaliyooanishwa mara mbili yamelingana yote. Mzunguko mmoja wa saa zote 60 za sauti, ambao kwa 34 ulichukua siku tano kamili, sasa huchukua siku nne na nusu hivi. Pungufu ya ilivyotarajiwa kwa hesabu ya mapigo, kwa kuwa ramu na diski hazikuchapuka pamoja na prosesa. Wapo watakaosema nusu siku haistahili taabu yote hiyo. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, nusu siku ni saa 12 ambazo kazi haiko hatarini, na mizunguko inayohitajika si mmoja, bali ni ishirini na zaidi.

Mpwa wangu ameniomba nimsaidie kuichapua ya kwake, ambayo huitumia kwa michezo ya mpira. Ina herufi K. Tumeisafisha, tumeipa pesti, na sasa iko 42. Ikikosea hesabu, goli moja litaingia ambalo halikupaswa kuingia. Yangu huanza kazi baada ya magharibi, bati likiwa limepoa, na mafaili ya Salale huyafanya kwa 34.